Kiti cha Bibi Harusi

"Gonga muhuri, Moza. Mmoja tu, tuondoke."

"Sigongi."

"Mke gani anamfelisha mumewe mbele ya wafanyakazi wenzake?"

"Nimefelisha gari. Mume bado namkagua."

Ghanim alitaka kucheka, akakumbuka kwamba amekasirika. Walikuwa katika kituo cha ukaguzi wa magari, Al Ain, ambako Moza ni mhandisi. Nikaha yao ilishafungwa. Harusi yenyewe Alhamisi. Mbele yao lilikuwa gari jeusi la Kijerumani, lile la mbio, viti vya ngozi, linalonguruma hata likiwa limesimama. Ghanim alilinunua kwa Mattar, mtoto wa ami yake, ili ndilo limpeleke bibi harusi nyumbani.

"Kumbukumbu zake ni safi," Ghanim akasema. "Hakuna ajali hata moja. Umezitazama mwenyewe."

"Nimezitazama. Ajali isiyoripotiwa haiandikwi. Haya, ingia, keti."

Ghanim akaelekea mlango wa dereva.

"Siyo huko. Keti upande wa abiria."

Akaketi, shingo upande. Moza akavuta mkanda mpaka mwisho, akamwonyesha kitambaa kidogo kilichoshonwa chini kabisa.

"Soma mwaka uliotengenezwa."

Ghanim akasoma.

"Gari lina umri gani?"

"Lina... Mkanda ni mpya kuliko gari."

"Wa dereva umezaliwa pamoja na gari. Huu umeletwa baadaye. Mkanda wa gari kama hili haubadilishwi kwa kuchakaa, mume wangu. Hubadilishwa ukishamzuia mtu kwenye ajali. Sasa lete mkono."

Akabandua kipande cha dashibodi alichokwisha kukilegeza. Ghanim akaingiza mkono, ukazama mpaka kiwiko.

"Umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Hapo ndipo unapokaa mfuko wa hewa. Haupo. Kuna kijiwaya tu cha kuidanganya kompyuta kwamba upo."

"Na upande wangu?"

"Wako upo, mzima kabisa. Mattar kakutunza."

Ghanim akautoa mkono polepole, kama mtu aliyeutia kwenye shimo la nyoka.

"Alhamisi kiti hiki anakaa nani?" Moza akauliza. Sauti hakuipandisha. Angepiga kelele, ingekuwa nafuu.

"Wallahi la mfuko sikulijua."

"Ulijua lipi?"

Ghanim akaanza kuurudisha mkanda mahali pake.

"Ghanim."

"Mattar alisema liligusa ukuta kidogo. Kidogo tu. Nikaona nisikusumbue, una mambo ya hina."

"Mimi kazi yangu magari, wewe ukaniachia hina. Kwa nini hukumrudishia siku hiyo hiyo?"

"Nilishamwambia anywe."

Moza akafumba macho. Hakuhitaji kuelezwa, lakini alitaka kumsikia akisema.

"Alinywa wapi?"

"Barazani kwetu. Kamiminiwa kahawa, finjani akaiweka chini. Watu wote wananitazama, baba yako yumo. Mtu akiweka finjani chini ana ombi, hanywi mpaka akubaliwe; ningefanyaje? Nikamwambia, kunywa, ombi lako limepita."

"Kabla hujajua anaomba nini."

"Kabla sijajua. Kunywa kanywa, ndipo akasema: nunua gari langu."

"Alijua nani hawezi kumkatalia. Wengine wangelikagua kwanza."

"Sasa nikirudi nyuma nitaitwa mtu asiye na neno, Moza. Mbele ya wakwe!"

"Na neno ulilompa kadhi kuhusu mimi? Au hilo halikuwa na kahawa?"

Ghanim akainamisha kichwa. Akalitazama lile tundu la dashibodi, kisha akamtazama mkewe, uso, shingo, kifua, kama anayepima nini kingegonga wapi.

Moza akagonga muhuri: LIMEFELI. "Mimi nimemaliza kazi yangu. Siketi humu, leo wala Alhamisi. Anayetaka kunioa aje na kitu cha kunifikisha."

"Mwenye gari la kuvuta yupo?"

"Yuko nje. Kwa nini?"

"Alifunge hili alipeleke kwa ami. Na wewe nipeleke kwa gari lako. Saa hizi kahawa iko motoni."

Wakaondoka. Kwa ami, Ghanim akaingia barazani. Moza akabaki garini chini ya dirisha, simu mkononi. Ikalia mlio wa ujumbe wa Ghanim.

"Finjani iko chini."

Moza akaandika: "Mattar yupo?"

"Yupo. Anahesabu nyuzi za zulia."

"Ami anasemaje?"

Hakujibiwa. Hakukuwa na haja, maana sauti ya ami ilitoka dirishani yenyewe.

"Mattar! Ulijua bibi harusi atakaa kiti gani?"

"Baba, nilidhani wataendesha taratibu..."

"Nimekuuliza kiti!"

"Nilijua, baba."

Ami akakata shauri:

"Gari lako hilo nje, likaribishe. Pesa za mwenzako mrudishie leo leo, na kwa mkwe wake utakwenda kusema mwenyewe ulichofanya. Ghanim, mwanangu, kunywa. Ombi lako limepita."

Punde Ghanim akatoka akipangusa masharubu. Akafungua mlango wa gari la Moza, dogo, jeupe, lenye mkwaruzo wa sokoni ubavuni. Akaketi upande wa abiria bila kuambiwa.

"Nimekunywa finjani tatu."

"Afya."

"Nisamehe, Moza. Niliogopa midomo ya watu kuliko nilivyokuogopea wewe."

"Usirudie."

"Sirudii. Sasa Alhamisi nakuchukua na nini?"

"Na hili."

"Hili? Watu watacheka, binti wa watu!"

"Wacheke. Watacheka nikiwa nimefika."

Ghanim akacheka wa kwanza. Akanyoosha mkono kuugusa wa mkewe, lakini Moza alikuwa ameushika ufunguo, hawashi, anamtazama.

"Nini tena?"

"Mkanda."

Akauvuta, akaufunga. Moza akaingojea ile sauti ya kujifunga, akaisikia, ndipo akawasha gari wakaenda kumwambia baba yake Moza kwamba harusi bado ipo, gari tu ndilo lililobadilika.