Mtambo wa Watu Watano

Deodatha alikuwa amebakiza ndizi saba za kumenya Placidia alipoingia jikoni mbio.

"Mama, fundi wa mvuke amefika. Yuko kule chumbani, anapima."

"Umemwamkia?"

"Nimemwambia shikamoo. Hakuitikia."

"Watu wa Murongo hao," Deodatha alisema, akijifuta utomvu viganjani. "Kuishi mpakani kumewalia adabu."

Chumba chenyewe cha kujifukizia kilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, kimebandikwa vigae hadi darini. Mumewe, Clavery, alimjengea mama yake, Bibi Kokubanza, ambaye bila kujifukiza, miguu haikumbeba. Mwaka jana bibi aliinamia nyungu chini ya blanketi, chungu kikapinduka, paja likababuka. Miezi miwili Deodatha alimuuguza peke yake. Vyungu hakuvitaka tena. Alitaka mtambo wa mvuke unaotumia umeme, na kilichobaki ni kuchagua: mdogo wa kilowati nne, au mkubwa wa saba. Fundi Mutabazi, ambaye alimjua kwa simu tu, alisema hawezi kushauri kabla ya kupima.

Jua lilikuwa limezama Deodatha alipofika mlangoni pa chumba, Placidia akimfuata. Uani hapakuwa na pikipiki yoyote ya kumleta mgeni.

Mtu yule alisimama kwenye kona, ameupa mlango mgongo. Koti la mvua lilimfika visiginoni, likichuruzika maji. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Placidia akaingia, akashika ncha ya tepu ya kupimia.

"Karibu, fundi. Mtambo mdogo hautatosha?"

"Mtakaa wangapi?"

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

Nyumba hii watu hawahesabiwi. Bibi Kokubanza huwakagua wajukuu kwa kuwaita majina, mmoja mmoja. Ukithubutu kusema "wako wawili", hutema mate chini, na giza likiingia ndiyo kabisa. Deodatha alisoma hadi kidato cha nne. Mambo hayo aliyaheshimu mbele ya mama mkwe tu. Na mtambo hauchaguliwi kwa majina.

Akahesabu kwa vidole.

"Mimi. Baba Gosbert. Mama. Gosbert. Huyu Placidia. Watano."

"Chukua mkubwa," mtu yule alisema. "Mko sita."

"Nimesema watano."



Simu ikalia. Deodatha akarudi nyuma hatua chache, akapokea.

"Shikamoo, Mama Gosbert. Mutabazi hapa. Nisamehe sana, bado niko Murongo, mzigo umekwama forodhani. Nitakuja kesho."

Deodatha akashusha simu. Aligeuka taratibu.

Chumba kilikuwa kimejaa mvuke.

Mle hamkuwa na mtambo. Hata bomba la maji lilikuwa halijaungwa.

"Placidia!"

Tssss...

Harufu ya mkaratusi na majivu yaliyolowa ilimpiga usoni. Akaingia hivyo hivyo, akipapasa. Vigae vya moto. Benchi. Kitu kilicholowa kikamgusa shavu, kikaondoka. Kisha mkono mdogo ukaingia kiganjani mwake, moto kama ndizi iliyotoka sufuriani sasa hivi.

Akaukamata. Akauvuta. Akakimbia nao mpaka mlango wa jikoni.

"Mama, unakimbia nini?"

Placidia alikuwa mbele yake, ameshika sahani.

"Bibi aliniita ukiwa kwenye simu. Nimekupita pale pale."

Deodatha akatazama mkono wake. Haukuwa umeshika mtu. Kiganjani ngozi ilikuwa imebabuka alama tano nyembamba, za vidole vya mtoto.

Bibi Kokubanza, akiwa kwenye kigoda chake, aliziona.

"Umehesabu," alinong'ona.

"Nimehesabu, mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Bibi akatema mate chini. "Kabla ya Clavery nilikuwa na mtoto mwingine. Chungu cha kujifukizia kilimmwagikia, akafa. Tangu siku ile hatuhesabu. Ukihesabu, na yeye anajihesabu."

"Na yule mwenye koti?"

Bibi akatazama nje, kwenye migomba.

"Huyo simjui."

Clavery na Gosbert walirudi kutoka shambani wakibishana kuhusu kahawa, wakanawa, wakakaa. Ndizi na maharage vikapakuliwa. Bibi akaita majina, kila mmoja akaitikia. Deodatha, bila kutaka, akawapitia kwa macho. Sita. Akaanza upya, uso kwa uso. Kila uso aliufahamu. Hakuna aliyekuwa mgeni.

Sita.

"Sogea kidogo," Placidia alisema, akiangalia upande wake wa kushoto, ambako benchi lilikuwa tupu. Bibi Kokubanza akaweka pale sahani nyingine yenye ndizi.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Mutabazi: *Mama, nije na upi kesho? Mdogo au mkubwa?*

Deodatha akatazama ile sahani. Mvuke wa chakula ulikuwa unapinda, kama unaopulizwa.

Akaandika kwa mkono unaouma: *Mkubwa.*

Kisha akafunga mlango, maana wote walikuwa ndani.