Kisima Kisichotangazwa

Mtaa wa Msimbazi siku hiyo ulifurika watu mpaka mlangoni mwa duka la kuchapa. Waridi alipoinua macho kwenye kompyuta, mbele yake kasimama mwanamume wa shati la bluu, amepigwa vikumbo hadi kofia imeenda upande.

"Mambo?"

"Poa, dada. Naitwa Mwinyimvua. Nataka vipeperushi. Natembeza wageni kwetu, Kilole."

"Kilole ndiyo wapi?"

"Kisiwani. Ukienda hurudi."

"Kuna majini?"

"Kuna mimi."

Waridi akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka mapema vile.

Jamaa akamwonyesha picha: msikiti wa kale uliokumbatiwa na mizizi, popo wakubwa wananing'inia juu ya mji kama miavuli iliyosahauliwa, fungu la mchanga linaloibuka maji yakitoka, nalo huzama kabla hujamaliza dafu lako. Waridi akawa anaandika, na kelele za Kariakoo zikawa zinasogea mbali, kana kwamba duka limekatwa kamba linaelea.

Wiki tatu zikapita hivyo. Mchana kurekebisha maneno, jioni simu.

"Umekula, ua langu?"

"Nimekula, mfalme wa popo. Wewe je?"

"Nimekusikia, nimeshiba."

Jioni moja akamtumia picha ya kisima nyuma ya minazi, maji matamu hatua chache tu toka baharini. "Ukiinama, unaona uso wako na mbingu pamoja."

Sasa mzee Champaklal, mwenye duka, alikuwa na sheria moja: karatasi yenye nafasi tupu haitoki dukani kwake. Ukurasa wa mwisho ukabaki na nafasi. Waridi akaijaza kwa picha ya kisima. Vikachapwa mia tano.

Mwinyimvua alipofungua kimoja, uso ukamsawijika.

"Nani kakwambia uweke hiki?"

"Si wewe ulinisimulia?"

"Nilikusimulia wewe, Waridi! Sikuwasimulia watalii."

Akaondoka, mzigo kauacha. Siku nne hapokei simu. Ya tano ikapokelewa na mwanamke. Waridi akajiuliza: mke?

"Mimi Bi Kijakazi, shangazi yake. Kafikia kwangu hapa mjini."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, kile kisima mgeni hapelekwi. Mwanamume wa Kilole humpeleka mwanamke mmoja tu, anayetaka kumwoa. Wakinywa wote, wameposana. Watalii wakipanga foleni pale, vijana wetu wataposea wapi?"

Waridi akavuta mashine ya kukatia karatasi, akakata kisima kwenye vipeperushi vyote, kimoja kimoja.

"Waridi, unaharibu kazi?" Champaklal akang'aka.

"Naitengeneza, mzee."

Kesho yake Mwinyimvua akaingia, shati lile lile. Shangazi alikuwa amemsema. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa.

"Vipande viko wapi?"

"Nimechoma. Nimebakiza kimoja." Waridi akakitoa kwenye pochi.

"Cha nini?"

"Cha kunionyesha njia. Kuna mtu alinisimulia, hakunipeleka."

Mwinyimvua akatazama chini, akatabasamu kama mtu aliyeona uso wake majini.

"Boti ni Alhamisi. Mwambie mama yako naye aje."

"Naye anywe?"

"Atatusubiri kwenye popo." Akasogea karibu. "Una kiu kweli, Waridi?"

"Tangu siku ile kofia yako ilipoenda upande."