Stika ya Lamiley

Walikutana kwenye foleni ya kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, sokoni Community One pale Tema, adhuhuri ya jua kali. Samaki wa kukaanga alikuwa amebaki mmoja.

"Dada, huyo nilimwona mimi kwanza," alisema kijana aliyevaa ovaroli ya kiwanda.

"Kumwona si kumla," alijibu Esinam, gauni lake la njano likimkaa kiunoni hata foleni nzima ikasahau njaa. Mwishowe waligawana. Kijana, Odartey, alipata kichwa, na hakulalamika.

Odartey alikuwa fundi wa matanuri katika kiwanda cha biskuti. Esinam alikuwa fundi wa vipimo. Mezani pake palikuwa na kalibreta, mashine inayotoa kipimo cha kweli ili vyombo vingine vijulikane kama vinasema kweli au vinadanganya. Odartey akawa analeta kipimajoto chake cha tanuri kwake, anakaa kwenye kiti huku Esinam akiunganisha nyaya, na mazungumzo hayaishi. Miezi minane ikapita hivyo.

Alhamisi moja alikuja kumchukua wakale. Alikuwa ametoka kwenye pikipiki, jasho linamtiririka, mfuko wa vifaa begani. Esinam akaufungua kwa mazoea tu, akakitoa kipimajoto. Kilikuwa na stika mpya ya buluu, ya kuthibitisha kwamba kimepimwa. Jina la fundi aliyepima, la mwanamke: Lamiley Quaye.

"Huyu nani?"

"Nani?"

"Odartey, usinifanye mtoto. Huyu Lamiley nani?"

"Ah, fundi tu, wa kule bandarini. Mpenzi, nitakueleza..."

"Fundi tu! Mimi nina nini, ukoma? Mkono wangu umekuchosha?"

"Esi, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Na ulikaa kwenye kiti chake pia? Ukamtazama vidole?"

Odartey alicheka kidogo, na hilo ndilo kosa lake. Wivu ulimpanda Esinam kooni kama pilipili. Alimwona huyo Lamiley waziwazi, mwembamba, kucha nyekundu, akicheka na mtu wake.

"Ngoja nikuonyeshe kazi ya bibi yako."

Alinyakua nyaya mbili zilizokuwa karibu, nyekundu na nyeusi, akaunganisha kalibreta na kipimajoto, akaiweka mashine nyuzi mia mbili. Kipimajoto kikasoma mia mbili na kumi na tatu.

"Umeona? Biskuti zenu zitatoka mbichi!" Akabandika stika nyekundu juu ya ile ya buluu: KISITUMIKE.

Odartey hakucheka tena. "Esinam, bila hicho tanuri langu haliwashwi leo."

"Mwambie Lamiley akuwashie."

Odartey alitoka bila kuaga, akakiacha kipimajoto pale pale mezani.

Esinam hakula. Alikaa akifuta machozi kwa mgongo wa mkono, na ilipofika saa nane akakitupia jicho kipimajoto ili amchukie tena mwenye chombo. Kilisoma mia mbili na tano. Baada ya muda kidogo, mia mbili na tatu. Hakuna aliyekigusa.

Kilikuwa kinapoa. Kilikuja kutoka juani, naye hakukipumzisha kwenye ubaridi wa chumba kama anavyofanya kwa kila chombo cha kila mteja. Akazitazama nyaya. Shaba tupu! Kipimajoto cha tanuri huunganishwa kwa waya wa madini yale yale ya kitambuzi chake kinachoingia ndani ya tanuri, ule wenye plagi ya njano. Ukitumia shaba, joto la chombo chenyewe linaingia kwenye hesabu. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Alibadilisha waya, akasubiri, akasoma. Mia mbili kamili. Hasira, hasara.

Alipiga simu. Iliita mara tatu.

"Odartey."

"Mm."

"Kwa nini ulikwenda kwake?"

"Kwa sababu wewe umekatazwa. Kiwandani tunajaza fomu: je, una uhusiano na fundi anayekupimia? Mwezi uliopita niliandika, mchumba wangu. Wakasema basi, asiguse tena vyombo vyako. Hata kwenu si mna sheria hiyo?"

Walikuwa nayo. Aliitia sahihi miaka saba iliyopita, akaisahau, maana hakuwa na mtu.

"Mchumba? Nani ameniposa?"

"Jumamosi wajomba zangu wanakuja kubisha hodi kwa baba yako, kukuposa. Nilitaka usijue, lakini wewe unampa mtu nafasi?"

Esinam alianza kuibandua stika nyekundu kwa ukucha.

"Upo, kipenzi?"

"Nipo." Nyekundu ilitoka. Ile ya buluu ikachanika pembeni, lakini jina la Lamiley likabaki zima. "Njoo uchukue kipimajoto chako. Nilikosea mimi. Yeye... alipima sawasawa." Maneno hayo yalimtoka kwa shida kama mwiba wa samaki.

"Nakuja. Na Jumamosi?"

"Waambie wajomba wabishe kwa nguvu, baba hasikii vizuri."

Odartey alicheka, na safari hii Esinam akamwacha acheke.

"Odartey."

"Naam, mke wangu."

"Huyo Lamiley ameolewa?"

"Sijui. Sikumuuliza."

"Vizuri," alisema Esinam. "Usije ukamuuliza."