Kipande cha Jaribio

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa mlangoni kwa wifi yangu, kapu kubwa mkononi. Sikutaka kwenda. Mimi na huyo dada wa mume wangu ulikuwa mwaka wa nne hatusemezani, tangu aliponiambia mbele ya watu kwamba kaka yake alinioa kwa huruma. Nami nilimjibu, sikubakiza. Lakini binti yangu alikuwa anaanza darasa la kwanza Jumatatu, na shule ilitaka jina la mtoto libandikwe kwenye kila kitu, kuanzia madaftari hadi kifuniko cha chupa ya maji. Wifi alikuwa na mashine ya kukatia stika. Alimwambia mume wangu nikaichukue, iwe yangu moja kwa moja.

Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Sikujiuliza.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kizakiza, mapazia yameshushwa mpaka chini. Kulikuwa na harufu ya gundi, na nyingine nyuma yake, kama ya nywele zilizoungua.

"Macho yananiuma," alisema kabla sijauliza. "Kaa. Na usikilize, maana wewe ni hodari wa kujifanya unajua."

Nililimeza tusi hilo. Shida zangu ndizo zilizonipeleka pale.

Akanifundisha kwa haraka, bila kunitazama. Ule mkeka wa plastiki una gundi, stika inalazwa juu yake na kupapaswa isibaki na mapovu. Kisu kisitolewe sana, kitakata mpaka chini. Na kabla ya kazi yenyewe, kata kimraba kidogo pembeni uone kama kisu kimekaa sawa.

"Hicho ndicho kipande cha jaribio," alisema. "Usikiruke. Ukikiruka utaharibu kila kitu kwa mkupuo mmoja."

"Na mistari iliyokatwa isipoonekana?"

Akatabasamu, na tangu niolewe kwao wifi alikuwa hajawahi kunitabasamia.

"Weka taa pembeni. Chini kabisa, karibu na mkeka. Na mtoto umweke karibu, aone. Watoto wanapenda."

Alinisindikiza hadi getini. Jua lilikuwa linazama nyuma yetu, nami nilikuwa na haraka ya kuondoka.

Mume wangu alikuwa zamu ya jioni kazini, kwa hiyo tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na binti yangu. Niliiweka mashine kwenye meza ya kulia. Nikalaza stika ya njano kwenye mkeka, nikaipapasa. Nikaiunganisha mashine na simu yangu, nikaandika jina lake humo, kubwa, lenye mapambo, naye akapiga makofi.

"Mama, likate sasa!"

"Subiri. Jaribio kwanza."

Nashukuru nilisema hivyo. Mpaka leo nashukuru.

Mashine ikavuta mkeka. Krrr... krrr... Kisu kikazunguka pembeni, kikanyamaza. Nikainama, sikuona kitu. Nikaichukua taa ya kusomea, nikailaza mezani, karibu kabisa na mkeka. Binti yangu akaja upande wa taa, akaegemeza kidevu chake mezani.

Kivuli chake kikaanguka juu ya mkeka.

Krrr...

Sikuwa nimebonyeza kitu.

Kisu kilirudi pembeni, pale ulipokuwa ukingo wa kivuli cha kichwa chake, kikazunguka taratibu. Mara moja. Mara mbili. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima. Kisha mkeka ukasogezwa nje, kama mtu anavyokusogezea sahani.

Kulikuwa na kimraba pale. Nikakiinua kwa ukucha. Stika yangu ilikuwa ya njano, lakini hiki kilikuwa cheusi, chembamba kuliko karatasi, na baridi. Upande mmoja uling'aa, mwingine ulikuwa umefifia.

"Mama," binti yangu alisema, akijigonga kichwa kwa kiganja. "Mbona sikio hili limezimika?"

Nilimgeuza. Sikio lake lilikuwepo, zima, bila hata mkwaruzo. Nikapiga makofi karibu nalo. Hakushtuka. Nikanong'ona jina lake. Hakuna.

Nikatazama ukutani, ambako taa ilikuwa imekitupa kivuli chake alipogeuka. Mabega yapo. Kichwa kipo. Mahali pa sikio palikuwa na kimraba cha mwanga.

Simu ikaandika: Jaribio limekamilika. Endelea?

Na mashine ikaanza yenyewe.

Krrr... krrr... krrr... Mkeka uliingia kwa pupa. Nilichomoa waya ukutani. Haikusimama! Kisu kilikuwa kinakimbia juu ya mkeka, kuelekea kivuli cha shingo ya mwanangu, na yeye akaanza kukohoa. Nilimvuta, lakini kila nilikomvuta kivuli kilirefuka kuufuata mkeka. Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Nikazima taa.

Kimya.

Tulikuwa gizani, nimemkumbatia, moyo wake unadunda kifuani kwangu. Ndipo nikakumbuka lile geti. Jua lilikuwa mgongoni mwetu. Kivuli changu kilikuwa kirefu mbele yangu, hadi barabarani. Kivuli cha wifi... Nilijaribu kukikumbuka. Sikukikumbuka.

Simu ikaita. Nilipokea.

"Mbona umezima taa?" Sauti ya wifi, ya chini, ya upole. "Washa, wifi yangu. Haijamaliza."

"Mchawi mkubwa wewe!"

"Nimeishi bila kivuli tangu nikiwa mdogo kuliko yeye," akanong'ona. "Hujui inavyokuwa, mchana, mbele za watu. Washa."

Nilikata. Nikaibeba mashine gizani, nikaitupa nje uani, nikafunga mlango kwa komeo. Kimraba kilikuwa bado kimeganda kwenye kidole changu.

Sikuwa na wa kumuuliza. Nilichojua ni stika: kilichobanduliwa kinabandikwa. Nikawasha taa tena, nikamsimamisha binti yangu kando ya ukuta, nikakiweka kile kipande pale penye mwanga, nikakisugua kwa kadi ngumu kuanzia katikati kwenda pembeni. Kikashika. Kivuli kikawa kizima.

"Unanisikia?" nilinong'ona.

Aliinamisha kichwa.

"Nasikia," alisema. "Nasikia mtu anatembea. Anavuta pazia."

Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anatembea.

Ndipo nikakitazama kile kipande vizuri. Upande wa kung'aa, ambao kwa stika yoyote hutazama nje, ulikuwa umelala ukutani na ule wa kufifia ndio uliotazama nje. Nilikuwa nimekibandika kinyume, kosa la kila anayeanza, na nilipojaribu kukibandua kucha zangu zilichimba rangi ya ukuta tu.

Mume wangu aliirudisha mashine kwa dada yake kesho yake. Nilimweleza yote, akanitazama kwa uchovu. "Wewe na dada yangu hamjawahi kupatana," alisema. Daktari wa masikio alimulika, akapima, akasema sikio ni zima kabisa, mtoto anajifanya. Namchukia yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, lakini chuki haimrudishi mwanangu.

Mwezi wa kwanza binti yangu alilia. Alisema shangazi anaongea usiku kucha na hataki kunyamaza. Mwezi wa pili aliacha kulia. Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, akacheka peke yake, chakula kikamtoka mdomoni.

"Nini?"

"Shangazi kanichekesha."

"Anasema nini?"

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeombwa siri ya rafiki yake. Kisha akaendelea kula.

Jana nilimwita aje nimsuke. Nilimwita mara tatu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ananipa mgongo, ametulia. Nilipomkaribia nikaona ameinua mkono, ameziba sikio moja kwa kiganja, anatabasamu.

Sikio alilokuwa ameziba ni lile linalonisikia mimi.