Upande Wako wa Makaburi

— Hazel, ni mimi. Vince Considine.

Niliweka kikombe cha chai mezani taratibu. Hapa Koroit, mji wetu mdogo wa Australia, mimi na Vince tunaonana kila wiki, posta au kwa muuza nyama, tunasalimiana kwa kichwa tu. Simu hajanipigia tangu mwaka 1967.

— Naijua sauti yako. Kuna nini?

— Jiwe la kaburi la mama yake babu limepasuka, nataka lichongwe upya. Mchongaji anauliza alitoka kijiji gani huko Ireland. Wanasema pale chumba cha historia ya mji wewe ndiye fundi wa kufukua watu.

— Nafukua makaratasi tu. Jiwe linasemaje?

— Jina lake Margaret, umri wake, na kwamba yeye na mumewe wote ni wazaliwa wa jimbo la Clare. Basi.

— Nipe wiki tatu.

Mwaka ule wa 1967 nilivaa pete ya Vince siku tatu. Siku ya nne alinipeleka kwao. Mama yake alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua macho.

— Tangu tutoke Clare, nyumba hii haijaingiza bibi harusi Mprotestanti. Chagua, Vincent.

Vince akatazama viatu vyake. Nikasubiri. Kisha nikavua pete, nikaiacha kando ya maganda. Hakuoa. Nami sikuolewa.

Wiki tatu zikawa saba. Clare nzima sikumpata Margaret wa umri ule. Nilimpata kwenye orodha ya meli ya mwaka 1849, kati ya wasichana walioletwa huku wakati wa njaa kuu ya Ireland: Margaret Elliott, miaka kumi na sita, yatima, kwao Fermanagh, kaskazini mwa Ireland, dhehebu Anglikana. Nikasema huyu ni Margaret mwingine. Halafu nikafungua daftari la kanisa Katoliki la kina Vince. Margaret Elliott, mzaliwa wa Fermanagh, alibatizwa akiwa na miaka ishirini na mmoja, siku moja kabla ya kufunga ndoa na Considine.

Siku mbili nilifikiria kunyamaza. Mama yake Vince yuko udongoni, Vince mwenyewe anakaribia themanini. Ingemsaidia nini? Lakini aliniuliza, na mimi huwa najibu.

Nikaenda kwa Vince; jiko la mama yake lilikuwa lile lile.

— Hakutoka Clare, Vince.

— Lakini jiwe...

— Jiwe waliliweka wajukuu. Walijua kwao babu, wakampa na bibi kwao huko huko. Kosa hili naliona kila mwezi.

— Sasa alitoka wapi?

— Fermanagh. Alibatizwa Mkatoliki, kesho yake akaolewa. Kabla ya hapo alikuwa kama mimi.

Alisoma karatasi akifuatisha kidole, mstari kwa mstari. Akarudia tena.

— Mama alijua?

— Sidhani. Alisoma jiwe, kama wewe.

— Usimtetee, Hazel.

— Simtetei. Nasema nilichokikuta.

— Na mimi? Karatasi zako zinasemaje kuhusu mimi?

— Ulikuwa na miaka ishirini na tatu.

— Nilikuwa na mdomo.

Alilia bila sauti, mikono juu ya meza. Nikainuka nikachemsha maji, nikatafuta vikombe mwenyewe.

Mwezi uliofuata ukaja ujumbe: "Jiwe tayari. Nimeandika Fermanagh. Njoo uone."

Makaburini Wakatoliki wamelala upande mmoja, sisi Waprotestanti upande mwingine, njia ya kokoto katikati. Tulisoma jiwe la Margaret, herufi bado nyeupe. Kisha Vince akavuka njia. Nikamfuata mpaka kwenye kaburi la wazazi wangu, pembeni ni nafasi yangu ya kuzikwa niliyojiwekea zamani. Baada ya nafasi yangu kulikuwa na kigingi kipya chenye namba, alama ya nafasi iliyonunuliwa.

— Hiki nini?

— Changu.

— Mama yako alikuwekea nafasi pembeni yake, Vince. Mji mzima unajua.

— Najua. Nimemjibu.

Upepo ulikuwa wa baridi. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

— Umechelewa sana.

— Nimechelewa, Hazel.

Akanyoosha mkono, nikaushika. Tukasimama hivyo, kila mtu juu ya nafasi yake, mpaka mvua ikaanza.