Tela Namba Moja

Waliokuwa yadini Nangurukuru Jumatano ile wanakubaliana juu ya chai. Mastura, karani, alitia tangawizi kupita kiasi. Injinia Modesti alikunywa nusu kikombe, akakohoa, akasema, "Kwa hii, hata lori lisilo na dizeli litawaka." Watu wakacheka sana. Mwaka mmoja na miezi miwili ulikuwa umepita tangu amzike mkewe, na hakuna aliyekuwa amemsikia akitania. Ndiyo maana wanaikumbuka chai hiyo. Baada yake, pale yadini hapakutokea tena jambo la kawaida.

Yadi ilikuwa ya shemeji yake, Deo Likwata, kaka wa marehemu Lusia. Deo alianza na tela moja tu, alilolinunua mwaka 1993, shirika la umma la usafirishaji lilipokuwa likiuzwa vipande vipande. Mwaka huo wa 2005, magari yakiwa yameshazoea kuvuka Rufiji darajani badala ya kivuko, alikuwa na matela ishirini na mawili. Kazi ya Modesti ilikuwa kuifanya yadi iwe ya kisasa. Hapo nyuma, ukitaka kujua tela liko wapi ulimuuliza mzee Shamte, msimamizi, naye akafunua daftari lake. Sasa chini ya kila tela palifungwa kifaa kidogo chenye laini ya simu. Kila nusu saa kifaa kilituma taarifa ya mahali kilipo, na kwenye kompyuta ya ofisini ikaonekana nukta nyekundu juu ya ramani.

Kifaa cha mwisho alikifunga Jumatano hiyo, kwenye tela namba moja. Lilikuwa safu ya nyuma kabisa, limesimamia miguu yake ya chuma, halina kichwa cha kulivuta. Halikuwa limetoka tangu Lusia afariki.

Shamte alisimama mbali. "Hilo liache, mwanangu. Haliendi popote."

"Vizuri, mzee. Litakuwa rahisi kulifuatilia."

Saa tisa alasiri, nukta ya tela namba moja iliondoka yadini.

Modesti alichungulia dirishani. Tela lilikuwa pale pale. Akarudi kwenye kioo cha kompyuta. Nukta ilikuwa imeshika barabara kuu kuelekea kaskazini. Ilifika nusu ya njia ya kwenda Njia Nne, ikasimama. Asubuhi aliikuta imerudi mahali pake.

Alhamisi, saa tisa, iliondoka tena, ikafika Njia Nne. Modesti akampigia simu fundi wa vifaa, Dar es Salaam.

"Kitakuwa kimeharibika," alisema.

"Kikiharibika kinarukaruka, bosi. Leo baharini, kesho porini," fundi alijibu. "Hiki chako kinafuata kona za barabara. Kifaa hakijui kubuni barabara."

Ijumaa nukta ilifika Njia Nne, ikaacha lami, ikapinda kushoto kuingia njia ya milima ya Umatumbi. Siku zile simu zilikuwa hazishiki huko. Vifaa vyote vingine vilinyamaza vikifika pale.

Nukta iliendelea.

Mwisho wa njia ile ni Kipatimu, na Kipatimu, kwenye bweni la masista, alikuwa akisoma Cecilia, mtoto wake pekee, mwenye miaka tisa. Modesti aliweka rula juu ya kioo, akapima pale nukta ilipofika kila siku. Kwa mwendo ule, ingefika bwenini Jumamosi. Hakumwambia mtu. Alimwita Mastura waendelee na kazi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhamisha daftari la Shamte kuliingiza kwenye kompyuta. Mastura alisoma, Modesti akachapa. Namba ya tela, tarehe ya kununuliwa, tairi. Safu ya mwisho iliitwa mlezi, na kwa matela yote waliyoanza nayo ilikuwa tupu. Modesti alidhani ni mahali pa kuandika jina la dereva.

Walianzia ishirini na mbili, wakashuka. Walipofika namba moja Mastura aliinua macho kutoka daftarini.

"Soma."

"Injinia, hapa labda uje usome mwenyewe."

Ulikuwa mwandiko wa Deo. Mlezi: Lusia. Jina lilipigwa mstari mmoja wa wino. Chini yake: Cecilia. Kando yake tarehe. Modesti aliijua ile tarehe. Ilikuwa siku ya mazishi. Siku hiyo Deo alimkumbatia kando ya kaburi, akalia mpaka shati la Modesti likalowa begani.

Alimkuta Shamte kwenye kibanda cha mabati, akisaga ugoro. Aliweka daftari mapajani mwa mzee, likiwa limefunuliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Shamte hakulitazama daftari. "Nilikwambia uliache."

"Mlezi ni nani?"

Mzee alisema kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na kitu kilichokuwa karibu. Deo alipolileta tela lile, alileta pia mganga. Siku ya kulifunga kwenye kichwa kwa mara ya kwanza, lilitajiwa mtu. Mtu huyo ndiye mlezi wake. Tela lenye mlezi halipinduki, haliibiwi, na huita mengine yalifuate. Hukaa hivyo miaka. Kisha siku moja huenda kumchukua mlezi wake, na kabla huyo hajazikwa sharti litajiwe mwingine.

"Mbona linakwenda sasa?"

"Huwa linakwenda hivi hivi muda ukifika, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuliona."

"Na likichomwa moto?"

"Anaungua yule aliyetajwa."

"Basi nijitaje mimi badala yake."

"Mtu hajitaji. Na baba hamtaji mwanawe wala hamwondoi. Kwenu ninyi, mtoto ni wa nani?"

Modesti alijua jibu. Kwao, watu wa uwanda wa Makonde, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Deo hakuweza kuwataja wanawe mwenyewe. Hao walikuwa na wajomba zao. Alichokuwa nacho ni dada mmoja. Na baada ya dada, mtoto wa dada.

"Jina halifutiki," Shamte alisema. "Linafunikwa tu. Aje mjomba mwingine, ataje wa kwake." Akafunga kikopo cha ugoro. "Wewe una dada?"

Modesti alichukua lile daftari akatoka.

Kabla ya kwenda kwa Deo alipita safu ya nyuma. Alipiga magoti mbele ya tairi za namba moja, akazitazama kashata zake, yale matuta ya mpira: mistari minne sambamba, kila mmoja una mikato midogo ya mshazari. Aliinua mkono, akaushusha. Asubuhi aliyomkuta Lusia amekufa sakafuni jikoni, alipomgeuza, aliiona mistari hii hii mgongoni mwake. Daktari aliandika moyo. Deo, akiwa amesimama mlangoni, alisema, "Ni alama za mkeka, shemeji. Usizitazame."

Jikoni kwao hapakuwa na mkeka. Siku ile alilijua hilo. Alichagua kumwamini kaka wa mkewe.

Deo hakukana. Alisimama akafunga mlango wa ofisi, akaketi upande ule ule wa meza na mgeni wake, kama ndugu.

"Nilipomtaja Lusia nilikuwa kijana, sina kitu," alinong'ona. "Sikuamini kwamba litakuja kweli."

"Na Cecilia? Huyo ulimtaja umeshaamini."

"Ningemtaja nani, shemeji? Niambie. Nina nani mwingine?"

"Ulilia begani kwangu."

"Nililia kweli." Deo akapangusa uso kwa kiganja. "Wewe umesoma. Lakini chuo kikuu ulisomeshwa na tela lile. Nyumba unayolala imejengwa na lile lile. Hukuuliza linatoa wapi. Usiulize leo."

Modesti alimtazama kwa muda. Alikuwa akitafuta usoni mwa mtu yule kitu chochote kilichokuwa cha Lusia. Alikipata, kwenye nyusi. Akatoka.

Jumamosi asubuhi alitafuta gari la kwenda Kipatimu. Hapakuwa na la kwenda. Mvua za masika zilikuwa zimekata barabara tangu wiki iliyotangulia, hata pikipiki hazikupita. Saa tisa alikuwa mbele ya kompyuta. Mastura aliomba ruhusa ya kuondoka mapema, na hakuaga mara mbili.

Saa tisa na nusu, barabara kuu.

Saa kumi, Njia Nne.

Saa kumi na nusu ilikuwa milimani, ikipita palipokatika.

Saa kumi na moja nukta ilisimama. Modesti aliikuza ramani mpaka mwisho wake. Ilisimama juu ya bweni.

Alikimbilia safu ya nyuma. Tela lilikuwepo. Aligusa tairi, ikamuunguza. Udongo wa Nangurukuru ni wa kijivu, wa mchanga. Katikati ya tairi mbili za nyuma palikuwa na tope jekundu, bichi, likidondoka.

Ofisini mlikuwa na redio ya upepo ya kuwaitia madereva. Aliita misheni ya Kipatimu mara sita. Mara ya saba sauti ya sista ikaja, imejaa mikwaruzo.

"Cecilia hajambo, baba. Kala, kasali. Ila analalamika mgongo. Tumemtazama, ana mistari minne, myepesi tu, kama amelalia mkeka."

Modesti aliongeza sauti ya redio.

"Lakini tunashangaa," sista aliendelea. "Watoto hapa wanalalia magodoro. Tena anasema aliyemlalia ni mzito. Anasema kamwambia kesho atakaa zaidi."

Redio ikakatika.

Jumapili asubuhi Modesti alinyoa ndevu. Alipiga pasi shati jeupe, akalivaa. Akaenda yadini kabla kengele ya misa haijalia, akafungua ofisi, akaweka daftari la Shamte mezani, pale penye tela namba moja. Kompyuta hakuiwasha. Akapiga simu Lindi, kwa dada yake, Mary.

"Shikamoo, kaka! Leo jua limechomoza magharibi?"

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mbona wananimaliza. Huyu mdogo ndiyo usiseme, jino la kwanza limetoka juzi. Na wewe hata kumwona hujaja. Mjomba gani wewe?"

"Nitakuja."

"Kila siku nitakuja. Haya, Cecilia mzima?"

"Mzima," alisema Modesti. Sauti yake ilikuwa tulivu, kila neno mahali pake. "Mary, kuna karatasi najaza hapa. Nahitaji jina kamili la huyo mdogo."

"Karatasi gani tena?" Mary akacheka, na nyuma yake mtoto naye akasikika akicheka. "Umemwandikia urithi mpwa wako, eh? Haya, andika."

Modesti aliandika kwa wino, polepole, kadiri dada yake alivyokuwa akilitaja. Alipomaliza alimwomba arudie la ubatizo, ili asikosee.