Matairi ya Ndugu wa Gichiaro

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maduka ya Makutano Muthamia alipoegesha gari lake jipya mbele ya kibanda cha Rashid, fundi wa pancha. Jipya kwake, maana lilikuwa limeshapita mikono mingine. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda, na mwalimu wa hesabu wa miaka arobaini na mmoja akinunua gari la namna hiyo watu hucheka. Wacheke. Alilitamani tangu ujana, na jioni hii alikuwa analipeleka nyumbani Majimbo, kule Embu.

Alitaka upepo tu. Rashid alichuchumaa, akapapasa tairi, akauondoa mkono haraka.

"Mwalimu, umetoka mbali?"

"Wapi! Limesimama pale sokoni tangu saa sita."

"Basi mbona tairi ni moto?" Rashid alinusa vidole vyake. "Na hizi ni za bei rahisi, hazina hata jina. Gari ya mbio na tairi kama hizi, kwa ule mteremko wa Nithi? Toa zote nne. Niko na nzuri hapa."

Muthamia alisita. Akili ilimwambia atoe. Lakini aliyemuuzia gari alikuwa Salesio wa Nkubu, waliyekua pamoja, na koo zao zilikuwa na gichiaro, udugu wa kiapo ulioachwa na mababu. Mtu wa gichiaro humdanganyi. Akikuomba jambo kwa jina hilo, humkatai. Ndiyo maana Muthamia hakufungua hata boneti kukagua. Na Salesio, akimkabidhi ufunguo, alimshika mkono akanong'ona, "Kwa gichiaro, ndugu yangu, usitoe hizo tairi mpaka ufike kwako."

Ombi la ajabu. Lakini ombi la gichiaro halihojiwi.

"Jaza upepo tu, mzee. Nitabadilisha Embu."

Rashid akajaza, bila kumtazama.

Njiani, ukungu ulianzia Chogoria. Kisha ikaja sauti.

Ko... ko... ko...

Alidhani ni jiwe limenasa. Kabla ya mteremko wa daraja la Nithi alisimama kando, akashuka na tochi ya simu. Harufu ya mpira ulioungua ilimkaba koo. Ndani ya mifereji ya tairi kulikuwa na kipande cha kiatu cha plastiki, cha buluu, na ukanda wake.

"Umerudi?"

Mwanamke mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Hakumsikia akija. Aliinama, akaweka kiganja juu ya tairi, vile mama hupima homa ya mtoto.

"Sura si yake," alisema polepole. "Lakini tairi ni hizi."

"Za nani, shosho?"

"Nilimwita. Hakusimama..." Alinyoosha kidole darajani. "Vuka nazo, basi. Ukivuka, utakuwa ni wewe."

Muthamia alimulika chini. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu cha plastiki cha buluu.

Wa pili ulikuwa mtupu.

Alipoinua tochi, hapakuwa na mtu.

Alimpigia Salesio. Simu ilipokewa papo hapo. Hakuna salamu, hakuna habari za safari.

"Umevuka?"

Hapo Muthamia akajua. Woga ulikuwepo, lakini lililomchoma moyo ni neno lile moja.

"Salesio... ulimgonga nani hapa?"

Zikaja kwikwi za kilio. "Mganga alisema nitafute mtu mwenye kuniamini kabisa, avuke daraja na hizo tairi, deni limhamie yeye. Nilikuwa na wewe tu."

Muthamia aligeuza gari kurudi Makutano. Alimpigia Rashid amsubiri, na mzee akayatoa matairi yote manne bila kuuliza, akafunga mazuri. Yale ya zamani alikataa yasilale kibandani kwake. Basi Muthamia akayasukumiza nyuma ya viti, na alipofika Nkubu akayapanga mbele ya lango la Salesio, moja juu ya jingine. Safari hii Nithi aliivuka salama.

Ndiyo kwanza anazima injini Majimbo, simu ikalia.

"Ndugu..." Salesio alikuwa ananong'ona. "Lango nimefunga. Lakini ziko mlangoni." Nyuma yake ilisikika ko... ko... ko... "Kwa gichiaro, rudi uzichukue."

Muthamia aliegemea usukani akalia. "Ungeniambia ukweli, Salesio. Ungeniomba tuvuke pamoja, ningevuka na wewe. Sasa unaniitia gichiaro gani?"

Akakata simu.

Salesio alikutwa asubuhi amekufa, mlango umefungwa kwa ndani. Daktari alisema ni moyo. Kuhusu mistari myeusi sakafuni hakusema kitu, na matairi hayakuonekana tena.

Siku ya mazishi Muthamia aliondoka Embu mapema. Mchana kweupe, matairi mazuri, barabara kavu. Njiani alijiambia kwamba aliyevunja gichiaro ni Salesio. Lakini ombi la mwisho liliombwa kwa gichiaro, na aliyelikataa alikuwa yeye.

Alipokaribia daraja la Nithi, ikaanza.

Ko... ko... ko...

Alisimama, akashuka, akaweka kiganja juu ya mpira mpya. Ulikuwa moto. Na nyuma ya bega lake, kwa sauti aliyoijua tangu utoto, mtu akanong'ona:

"Umevuka?"